Tanguliza Sauti

Sabela, zamu yako inaanza Jumatatu.
Tanuri linataka kuni saa nane za usiku
na njia ya kushukia ni moja tu,
ile iliyozama kati ya kuta za mawe,
mikaratusi juu, matope chini.

Taa ya kichwa iache nyumbani.
Najua, mama yako kakununulia.
Lakini hapa Galisia, taa inayotembea peke yake
baada ya kengele ya mwisho ya kanisa
si mtu. Ni msafara wa wafu,
na Bibi Dosinda, ambaye haamini mambo hayo,
hufunga dirisha kwa makomeo mawili
asije akaona asichokiamini.

Wala usiende kimya kama paka.
Mimi nilikwenda hivyo mwaka wangu wa kwanza:
viatu vya mpira, adabu tele,
nikidhani kimya ndiyo heshima.
Nikamtokea Avelino kwa nyuma
akikojoa ukutani.
Ukelele alioupiga uliamsha ng'ombe wa nyumba tatu.
Miezi miwili hakununua mkate wetu.
Alikula ule wa mjini, wa mifuko,
na mifuko akaianika uani
ili nipite niione.

Basi, funguo ziache kiunoni, zigongane.
Kohoa ukifika kona ya ghala la mahindi,
kikohozi kikavu, kifupi,
si cha mgonjwa, si cha mwizi anayejizuia.
Darajani, msemeshe mbwa wa Hermitas.
Anaitwa Pinto. Mpe habari za mvua.
Pinto akinyamaza
nyumba nzima hugeukia upande wa pili, ikalala.

Ukihisi mtu mbele yako, usikaze mwendo,
wala usisimame ghafla:
hatua zinazokuja zinatisha,
hatua zilizokoma zinatisha zaidi.
Msalimie ukiwa mbali,
ukiwa bado sauti tu,
umpe nafasi akuumbe mtu moyoni mwake
kabla mwili wako haujamfikia.
Sogea ukingoni, mwachie njia pana.
Utasema: lakini mimi ni msichana, nani ataniogopa mimi?
Sabela, gizani
sote ni mwanamume mrefu mwenye koti.

Usiku mmoja wa Novemba, ukungu mzito,
nilikohoa pale penye ghala
na kikohozi kikanijibu.
Nywele zilinisimama, sitakuficha.
Kumbe ni mzee Eladio, amekaa juu ya ukuta,
nguo za kulalia, kiatu kimoja,
anamngoja mkewe ambaye tulimzika masika yaliyopita.
Hakushtuka hata kidogo.
"Ni wewe, Mkate?" akaniuliza.
Jina langu lilikuwa limemtoka, kama majina mengine yote,
ila kikohozi alikitambua.
Nilimshika mkono hadi mlangoni kwake,
tukizungumza juu ya mkewe kana kwamba amechelewa tu,
na siku hiyo mkate ulichelewa pia,
watu wakanung'unika, nikawaacha wanung'unike.

Tangu hapo alikuwa akinijibu kutoka dirishani.
Nikohoe, akohoe.
Hatukuwa na mazungumzo mengine.
Mwezi wa pili akatutoka.
Bado nakohoa pale, ni mazoea.
Hajibu mtu,
nami kila usiku nashukuru,
halafu hatua kumi mbele
nashukuru kidogo zaidi ya ninavyotaka.

Kurudi hakuna kazi.
Kutakuwa kumepambazuka, utanuka unga na moshi,
harufu itakutangulia hatua mia,
na hakuna aliyewahi kuukimbia mkate wa moto.

Ah, na Avelino.
Siku hizi anachukua miwili.
Mmoja uwe umeungua kidogo chini.
Ukipita penye ule ukuta wake, imba. Imba vibaya ukipenda,
mradi umalize beti nzima
kabla ya kona.